Mzee Madoa na Doa la Sita

Baba yetu, ambaye kazini walimwita Mzee Madoa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa nne wa fundi saa na mshona mashuka ya hospitali. Alisoma shule ya msingi nyuma ya ghala la pamba, kisha chuo cha ufundi wa maabara, akahitimu mwaka 1973.

Mwaka huohuo aliajiriwa maabara ya mimea ya dawa, chumba namba 4, asitoke humo kwa miaka thelathini na minane. Alisaga majani, akachuja maji yake na kudondosha tone kwenye kibao, ili kemikali zijitenge zionekane kama madoa. Kichaka cha bondeni kilitoa madoa matatu, cha mlimani mawili. Mwaka 1977 majani ya mteremkoni yakatoa sita. Marehemu hakujiuliza mara mbili. Alimwandikia mwosha chupa barua ya onyo kwa uchafu.

Mwosha chupa alimfuata mezani, mikono bado ina povu. "Nimeziosha mara tatu," alimwambia. "Hilo doa limo kwenye jani lako, kaka."

Baba alipanda mteremko kwa hasira, ili amkomeshe. Huko akakuta vichaka visivyo vya bondeni wala vya mlimani. Aina hizo mbili zilikuwa zimezaana zenyewe, nyuki wakiwa washenga, na machotara yao yamerithi madoa matano ya wazazi na kuongeza moja la kwao. Alirudi amenywea, akamwomba mwosha chupa radhi. Walifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1978. Mama husema alikubali ili amchunge asiandike tena.

Lakini barua ya onyo ilibaki kwenye jalada la mama ofisini, na kwa sababu yake alistaafu bila kupandishwa cheo hata mara moja. Kila Januari baba aliomba ifutwe. Kila mara alijibiwa kuwa jalada linatafutwa. Jambo hilo lilimchosha kuliko figo, zilizoanza kumsumbua mwaka 2019.

Alifariki Jumanne, tarehe 16 Januari 2024, saa nne asubuhi. Barua ya arobaini na sita ilikuwa mezani, haijatiwa sahihi.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Alituagiza kwamba akifa kabla onyo halijafutwa, tuisome barua hiyo hapa msibani, mbele ya wafanyakazi wenzake. Ina mstari mmoja: "Chupa zilikuwa safi, mchafu nilikuwa mimi."

Mama amesikia. Baba, sasa pumzika kwa amani.