Mwalimu Mektrida Mmasi (1941–2006), Aliyezigeuza Sola Zikatazama Mlima

Ndugu waombolezaji, mimi ni Filemon Januari, mdogo wa marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa. Karatasi mliyoshika mikononi si ile iliyoletwa hapa juzi Alhamisi na ofisi ya mradi wa umeme wa jua. Ile ilimwita marehemu "mdau aliyeipokea teknolojia kwa furaha." Familia ilikaa, ikaisoma, ikairudisha. Haya tumeyaandika wenyewe.

Mwalimu Mektrida alizaliwa tarehe 3 Mei 1941 hapa Uru, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto saba wa Mzee Januari na Mama Anyesi, ambao wote wametangulia. Alibatizwa wiki iliyofuata katika parokia yetu. Alipofika umri wa miaka saba, mama alimpa kazi ya kulinda kahawa iliyoanikwa na kuigeuza. Mwezi wa Juni mmoja, baba alirudi kutoka kilabuni akakuta kichanja cha kahawa kimehamishwa kutoka nyuma ya nyumba na kuwekwa katikati ya njia ya kupitia. Alimuuliza binti yake kwa nini amefunga njia ya watu. Mtoto akajibu kwamba nyuma ya nyumba jua halifiki tena, limehamia upande wa mlimani, na halitarudi mpaka mvua za vuli. Baba hakumsifu, lakini hakukirudisha kichanja. Wageni walipita kwenye migomba mpaka kahawa ikakauka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1949 katika shule ya parokia, akaendelea na shule ya kati ya wasichana kwa masista, na mwaka 1958 akamaliza chuo cha ualimu. Wakati huo binti wa Kichagga aliyevuka darasa la nne alionekana kuwa hasara kwa baba yake. Wapo walioyasema hayo mbele ya baba, nyumbani kwake, wakiwa na pombe yake ya mbege mkononi. Miaka michache baadaye walimletea barua zao awasomee.

Alifundisha miaka thelathini na saba, tangu Januari 1959 hadi alipostaafu Mei 1996. Masomo yake yalikuwa Hisabati na Jiografia. Kila mwezi, saa sita mchana, aliwatoa wanafunzi uwanjani, akachomeka fimbo iliyonyooka na kuwaambia wachore kivuli chake. Wengi mliokaa hapa mmekichora. Mnajua kwamba tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba kivuli cha adhuhuri hulala kuelekea Moshi mjini, kwa sababu jua liko upande wa mlima. Miezi iliyobaki hugeuka. Jambo hilo lilijulikana na mtoto wa darasa la tano.

Tarehe 26 Septemba 1964 alifunga ndoa takatifu na Antoni Mmasi, fundi mitambo katika mashamba ya miwa Arusha Chini, kijana wa kihamba cha tatu kutoka kwetu, shamba la migomba la baba yake. Shemeji alikuwa mpole na mchekeshaji. Alikuwa akisema ameoa mke na saa ya ukutani kwa mahari moja. Walijaliwa watoto watatu. Shemeji alifariki mwaka 1987, na dada hakuolewa tena.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengine mlitaka nilipite kimyakimya. Sitalipita.

Novemba 1998 mradi wa umeme wa jua uliingia kijijini kwetu. Hadi Februari iliyofuata nyumba hamsini na mbili pamoja na zahanati zilikuwa zimefungwa paneli. Zote zilielekezwa kusini, kutazama mjini, zikiwa zimesimama juu ya vyuma kwa nyuzi arobaini na tano. Siku walipofika kwa dada, mratibu wa mradi, Bwana Rodney, alimwamkia vizuri, akakaribishwa chai. Dada alimwambia kwamba paneli yake ailaze, iinuke nyuzi kumi au kumi na mbili tu ili mvua ioshe vumbi, na ielekee mlimani. Akamweleza sababu: miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ndiyo yenye mawingu na jua haba, na ndiyo miezi ambayo jua linakaa kaskazini. Paneli iliyosimama wima ikalipa jua mgongo katika miezi hiyo itakufa njaa.

"Mwalimu, hizi nyuzi zimepimwa na mhandisi," Bwana Rodney alisema. "Zimo kwenye kitabu."

"Mwanangu, huyo mhandisi amepima jua la kwao," dada alimjibu. "La kwetu njoo tulipime wote, fimbo ninayo."

Bwana Rodney hakuwa na nafasi ya kupima. Na kwa kuwa ilikuwa Desemba, jua likiwa kusini, taa ziliwaka vizuri mno. Watu walipiga makofi, na dada akachekwa mpaka kanisani.

Juni ikafika. Taa zikawa zinazimika kabla ya watoto kumaliza kula. Walioumia walipokwenda kulalamika, ofisi iliwaambia wanatumia vibaya, wanatazama sana televisheni, hawana elimu. Nyumba tatu zilinyang'anywa betri kama adhabu, na moja ilikuwa ya mjane asiye hata na redio. Niambieni, ndugu zangu, mtu anampaje adhabu mjane kwa kosa la jua?

Dada hakungoja. Alimwita Fredy, fundi wa Kiboriloni aliyekuwa ameajiriwa na mradi kufunga zile paneli. Fredy alikiri kwamba yeye mwenyewe aliona kosa tangu mwanzo, ila ana watoto wanne na hakutaka kufukuzwa. Akamwazima spana. Dada alivaa suruali ya marehemu mume wake chini ya kitenge, akapanda juu ya paa lake akiwa na miaka hamsini na minane, akageuza paneli. Pembe aliipima kwa kipimapembe cha shule na uzi uliofungwa jiwe. Wiki ile ile taa zake zikawaka hadi muda wa kulala. Majirani wakaja mmoja mmoja, na hadi mwisho wa Julai akawa amegeuza nyumba kumi na moja na kukata matawi ya migrevilea yaliyotia kivuli.

Hapa lazima nijitaje mwenyewe. Nilikwenda nikasimama chini ya ngazi nikamwambia ashuke, anatutia aibu, mwanamke mzima hapandi mapaa ya wanaume. Alinitazama kutoka juu, akaniuliza kama taa za kwangu zinawaka. Hazikuwa zinawaka. Niliondoka.

Agosti 1999 alikamatwa kwa kuharibu mali ya mradi. Mwalimu aliyewafundisha nusu ya watu wa kata hii alikaa kituoni siku moja na nusu kwenye benchi la mbao. Mkutano wa kijiji ukaamua, na mimi mkono niliunyoosha, kwamba asiguse tena paneli ya mtu. Nyumba zote kumi na mbili, pamoja na yake, zikageuzwa tena kusini. Oktoba jua likarudi upande wa kusini, taa zikawaka, na ofisi ikatuambia: mnaona sasa? Tukasema tunaona.

Zahanati ndiyo iliyotufungua macho, nayo ilitutoza ghali. Julai 2000 friji ya chanjo ilikosa nguvu siku nne mfululizo. Muuguzi wetu, Gladys, aliona kipimajoto kimepanda, akakataa kuwachoma watoto dawa iliyoharibika, akaandika taarifa siku hiyo hiyo. Alifanya kilichopaswa. Jibu alilopewa ni kwamba alikuwa akifungua friji kila mara apozeshe soda zake, na kwa uzembe huo akahamishwa. Dada aliandika barua tatu kumtetea, kila moja ikiwa na mchoro wa jua na paneli. Hakujibiwa hata moja. Kina mama waliorudishwa na watoto mgongoni waliambiwa wangoje chanjo nyingine. Septemba surua ikaingia kitongojini. Mjukuu wangu Herieth alikuwa na miezi kumi na moja. Alipona, namshukuru Mungu, lakini sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo. Yule pale ameegemea bega la mama yake.

Nilikwenda kwa dada asubuhi moja kumwomba radhi. Alinimiminia uji. Nilipomaliza kunywa akaniambia, "Filemon, beba ngazi."

Niliibeba mwenyewe, mchana kweupe, tukapita mbele ya ofisi ya kijiji. Tuligeuza paneli za zahanati, kisha nyumba hadi nyumba, Fredy akiwa ameacha kazi ya mradi na kuja na spana zake. Hakuna askari aliyetokea. Julai 2001 friji ilikaa baridi mwezi mzima. Daftari la dada lina vipimo vya kila siku, na liko mezani pale kwa anayetaka kuhakikisha.

Mwaka 2002 mradi ulichapisha kitabu kipya. Kinasema paneli zilazwe na zielekee kaskazini, na kwamba "utafiti wetu umebaini" hivyo. Jina la Mektrida Mmasi halimo. Kwetu mtu akimkosea mwenzake huja na jani la sale mkononi, akasema nimekosa. Dada aliletewa fulana yenye nembo ya mradi. Bwana Rodney, nakuona mstari wa tatu. Umekuja kuzika, karibu, na chakula kipo. Lakini fulana ile hakuivaa, na leo hatukumvika.

Gladys alipata barua mwaka 2003 iliyosema suala lake limefungwa. Haikusema hakukosa. Anafanya kazi Sanya Juu hadi sasa, na tangu marehemu azidiwe alikuja kila Jumamosi kumsafisha kidonda cha mguu.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2001. Mwaka jana alikatwa vidole viwili vya mguu, na tangu Agosti figo zikadhoofika. Alifariki Jumanne tarehe 14 Novemba 2006, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, kitandani, binti yake Bernadetha akimlisha mtori. Nasema kitandani kwa sababu sokoni Kiboriloni kuna wanaosema alianguka kutoka juu ya nyumba, eti ndiyo malipo ya mwanamke kupanda mapaa. Hakuanguka. Alipanda mapaa hamsini na matatu na kushuka yote hamsini na matatu kwa miguu yake.

Mwalimu Mektrida ameacha watoto watatu, Bernadetha, Mathew na Dominika, wajukuu saba, wadogo zake wanne, na Gladys, ambaye familia imekubaliana kumwandika hapa kama binti. Ameacha pia wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kuwahesabu, na baadhi yao ndio waliomcheka.

Alisema kweli, tukachukua karibu miaka miwili na sikio la mtoto kumwamini. Mungu mwenye huruma ampe dada yetu amani tuliyomnyima sisi, na asichelewe kama tulivyochelewa.