Nilimaliza Mawe ya Redio

Wapendwa, mchungaji amenipa dakika kumi. Hizi dakika kumi nimeziogopa miezi mingi, kwa hivyo mkiona nimeshika kiti msidhani ni mgongo. Majina ya watu sitataja. Mama yangu mzazi mnamjua, ameketi pale na kina mama wenzake, na ruhusa ameshanipa.

Mimi, ndugu zangu, nilikuwa mtu wa roki. Mnacheka? Chekeni tu. Hapa Kanyangi, enzi zile za suruali pana chini, nikiwa kidato cha pili, nilipita karibu na duka moja sokoni nikasikia gitaa la umeme likilia. Nikasimama na gunia la pumba begani mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepigwa na jua. Ilikuwa bendi ya vijana wanne wa Ulaya wenye nywele ndefu. Maneno yao sikuelewa hata nusu, lakini mwili ulisisimka wote. Ile kaseti niliipata kwa kubadilishana na jogoo wa mama, halafu nikamwambia mama jogoo ameliwa na paka-mwitu.

Basi nikaingia wazimu. Jina la bendi nililichonga kwa msumari wa moto kwenye mpini wa jembe, kwenye sanduku la shule, mpaka kwenye mlango wa ghala. Nilikataa kukata nywele, mwalimu mkuu akaninyoa mwenyewe, tena upande mmoja tu, akaniambia niende nyumbani hivyo. Malishoni fimbo ilikuwa gitaa, na mbuzi ndio walikuwa watazamaji. Walikuwa wapole kuliko nyinyi.

Redio-kaseti ilikuwa ya baba, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Ilikula mawe sita, zile betri kubwa, na yakiisha unangoja siku ya soko. Mama alikuwa na sheria moja: redio ifunguliwe jioni, wakati wa matangazo ya vifo, basi. Babake alikuwa mgonjwa kwao Kathonzweni, ng'ambo ya mto Athi, na simu haikuwepo. Ndugu zake walikuwa wamemwambia, "Baba akienda, tutakuita kwa redio." Kila jioni mama aliacha moto, akapangusa mikono, akakaa kusikiliza majina ya watu. Yakiisha bila la babake, alishukuru Mungu akarudi kwa sufuria.

Mimi niliyajua hayo yote. Hapo ndipo panaponiuma. Likizo moja, mama akienda shambani, nilikuwa nachukua redio naenda nayo malishoni, kaseti nageuza upande huu na huu mchana kutwa. Jumapili jioni mama akafungua redio. Kimya. Akaigonga.

"Kwani haya mawe yameisha lini?"

"Yalikuwa ya zamani, Mwaitu, mama yangu," nikasema. "Kesho nitayaanika juani."

Nikayaanika, wapi! Na soko lilikuwa Alhamisi.

Ndugu zangu, nawaambia, babu alifariki Jumapili hiyo hiyo. Wakamtangaza Jumatatu, wakamtangaza Jumanne. Alhamisi mama alikuwa sokoni na mawe mapya mkononi, mwanamke mmoja akamshika bega: "Pole sana kwa baba. Kumbe umesharudi kutoka matangani?" Mama akauliza, "Matanga gani?" Alipoambiwa, akaketi chini pale pale, katikati ya nyanya za watu.

Alifika kwao kesho yake, kaburi lina siku mbili. Mjomba wangu mkubwa akamzuia langoni. "Tulikuita jioni mbili, nchi nzima ikasikia. Wewe peke yako ndiye kiziwi?" Mama akasema redio haikuwa na mawe. Wakacheka. Ati mumewe yuko Nairobi, mawe yatakosekanaje? Tangu siku hiyo hakuitwa tena kwao, kwa harusi wala kwa mazishi. Na hata hapa kwetu akawa yule mwanamke aliyekataa kumzika babake.

Na mimi? Nilinyamaza. Tena mbaya zaidi, wiki hiyo hiyo, mama akiwa bado analia, yale mawe mapya niliyatumia kusikiliza kaseti. Sauti chini, sikio kwenye spika. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Nilinyamaza miaka kumi na minne. Nikaoa, nikafundisha shule kule Migwani, nikaokoka, nikaimba kwaya. Nilitubu uongo wangu wote, huo nikauruka. Halafu mama akalazwa, hali mbaya. Akaniita karibu na kitanda, akasema, "Nikienda, nitangazeni mapema, tena jioni nyingi. Pengine kuna ndugu yangu ambaye redio yake haina mawe." Hakuwa akinichokoza, jamani. Alikuwa akiwahurumia. Nikapiga magoti nikasema jinsi nilivyoyamaliza yale mawe.

Mama alingoja nesi aje na aende. Kisha akasema, "Ungeniambia siku ile, ningekuchapa, halafu ningekwenda nawe waone sikuongopa. Sasa mimi umeniambia. Nenda uwaambie wao."

Sikuwa na miguu ya kwenda. Wazee wawili wa kanisa hili, mmoja na goti lake bovu, walinisindikiza mpaka Kathonzweni. Mjomba yule mkubwa alitusikiliza tukiwa tumesimama juani, hata kiti hakutupa. Nilipomaliza akauliza, "Na sisi tukamcheka?" Akaingia nyumbani, akatoka amevaa koti. "Yuko hospitali gani?"

Mama alipona, mnamwona. Lakini mjomba mdogo alikuwa amefariki katikati ya miaka ile, kinyongo kikiwa bado moyoni, na mama hakumzika huyo pia. Hilo siwezi kulirekebisha, na kila nikiomba linanijia.

Wazee wangu wawili, asanteni. Mjomba, popote ulipo leo, asante kwa lile koti.

Vijana, najua mnangoja niseme roki ni ya shetani. Sitasema. Wale vijana wanne hawakumkosea mtu hapa Kanyangi, na gitaa lile bado ni tamu, Mungu anisamehe. Pendeni bendi zenu. Ila ukikosa, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako.

Mama, kule hospitalini nilikuomba msamaha tukiwa wawili. Lakini aibu ulipewa mbele ya watu, kwa hivyo leo naichukua mbele ya watu. Nyinyi mliosema huyu mama alikataa kumzika babake, nitazameni mimi vizuri. Yeye alikuwa ameketi kando ya redio akingoja kuitwa. Mimi ndiye niliyemziba masikio.