Mchanga Uliogota Kwetu

Benchi la kijiwe hiki alilichonga Pima, seremala, na kila mwaka lilisogezwa mbele kidogo kuyafuata maji. Tangu wanaume wa mtaa wajenge ukuta wa mawe ulioingia baharini, ili boti zao zitulie, mchanga ulijaa upande wao hadi wakapata uwanja wa mpira, wakatembea vifua mbele kana kwamba mchanga ule waliuzaa wao, tena kwa uchungu. Ng'ambo ya ukuta, alikokaa dada mkubwa wa Pima, ufukwe ulikuwa ukiliwa. Asubuhi hiyo dada alikuwa akihamisha vyombo, maana jiko lilishaingia majini na chumba cha kulala kilikuwa kinafuata. Pima alijua. Alijiambia amalize kikombe kimoja cha kahawa kisha akamsaidie kubeba. Sasa alikuwa na cha tatu.

Meneja, aliyelinda geti la kiwanda maisha yake yote na hajawahi kumsimamia hata kuku, ndiye aliyefungua kikao. Kosa ni la meli kubwa, alisema. Zikipita huko nje zinafyonza nchi kavu kama mtu anavyofyonza mfupa.

— Na huku kwetu mbona hazifyonzi?

Aliyeuliza ni Daktari, muuza sumu ya panya.

— Huku zinatuheshimu.

Daktari akacheka hadi kahawa ikamtokea puani. Yeye alikuwa na yake. Ng'ambo wamejenga nyumba nzito, ardhi imeinama, mchanga ukateleza kuja huku. Alipoulizwa mbona nyumba zenyewe ni za mabati, hakutetereka. Akahamia kwa kaa. Kaa wa ng'ambo, alisema, wanahama na mizigo yao usiku, kila mmoja na punje yake.

— Umewaona?

— Kaa mwenye akili atahama ukiwa unamwangalia?

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Pima naye alicheka, ila cha kwake kilifika kooni kikageuza njia.

Kwa miaka mingi alikuwa akitupa vipande vya mbao majini, nyuma ya karakana yake. Mawimbi ya hapa huja upande upande. Yakipanda husukuma kila kitu kwa mshazari, yakirudi huteremka moja kwa moja, na kwa hatua hizo za kilevi kipande husafiri kandokando ya ufukwe, daima kuelekea kwa dada. Dada aliviokota, akavianika, akawashia moto. Wakikutana alimwambia salamu zake zimefika, na chai imechemka kwazo. Kisha ukuta ukajengwa. Siku moja dada akamuuliza:

— Mdogo wangu, siku hizi huchongi?

Akamjibu kwa mzaha kwamba wateja wamejifunza kukaa chini. Wakacheka wote wawili. Wala Pima hakwenda kutazama vipande vimekwamia wapi.

Meneja alikuwa akiwapangia kaa zamu za usiku alipotokea dada mwenyewe, miguu imejaa tope hadi magotini. Aliwapita bila kukaa, akaenda kwenye kona ya ukuta, akainama. Aliporudi alikuwa amekumbatia vipande vya mbao kifuani, vilivyooshwa na chumvi vikawa vyeupe.

— Shikamoo, dada, alisema Pima, akainuka nusu.

— Marahaba. Nimefuata kuni zangu. Zilikoma kuja zenyewe.

Daktari akamkaribisha kahawa. Dada akakataa, akakaza macho kwenye uwanja wa mpira, mpana, mweupe, na magoli yake mawili.

— Jamani, mchanga huu, kabla hamjajenga ukuta, ulikuwa unakwenda wapi?

Daktari alifungua mdomo, lakini safari hii hakutoka kaa hata mmoja. Muuza kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Pima. Likatoa tone moja na masimbi ya kahawa.

Pima akakiweka kikombe chini, akanyoosha mikono apokee ule mzigo.

— Hizi nitabeba mwenyewe, alisema dada. — Wewe njoo ubebe mlango. Ule ulionichongea. Ndio uliobaki.