Shubiri, Fundi Aliyemtundika Hata Bintiye

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Familia imeniomba nimzungumzie marehemu kwa upole. Nimejaribu. Upole umegoma.

Leo tunamkumbuka fundi wa magari. Fundi mwanamke. Mtaa mzima ulimwita Shubiri, na mwenyewe aliitika. Fundi Shubiri, ulimi wa wembe, mikono ya mkunga.

Gereji yake ilikuwa mbele ya nyumba yake, ukuta mmoja na duka la kufulia nguo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la spea. Mwenye duka ni mdogo wake wa kiume. Tumbo moja, barabara moja, salamu hakuna. Zamani walikuwa pamoja, dada mtu anafunga, mdogo mtu anauza. Siku mdogo mtu alipoingiza plagi feki kwenye boksi za orijino, undugu ukaishia hapo.

Halafu Shubiri akafunga waya getini. Kila plagi feki aliyoing'oa kwenye gari la mteja aliitundika hapo, na chini yake kipande cha kadibodi kinachosema imetoka duka gani. Watu walisoma kama gazeti. Nyingi ziliandikwa hivi: KWA MDOGO WANGU.

Wifi yake alivuka barabara, kanga mkononi, mate yanamtoka.

"Huna haya? Unamwanika ndugu yako kama chupi!"

"Chupi ningeifua kwanza, wifi. Hii haifuliki."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, shikeni hapa. Shubiri alikuwa na binti. Binti ni dereva wa teksi. Gari lake ni haibridi, lile linalokwenda kwa umeme na mafuta. Gari zee. Rangi imepauka, viti vimeshonwa vikashonwa tena. Lakini ndilo lililomlisha yeye na wanawe. Gari likilala, na wao wanalala njaa.

Asubuhi moja gari lilitetemeka wakati injini inawaka. Binti akalipeleka kwa mama yake. Gereji imejaa wateja.

"Shikamoo mama. Gari linatetemeka."

"Litaachaje? Unaliendesha kama unafukuzwa na mbwa! Gari hili ni mke wa mlevi, linaficha aibu. Injini inakohoa, mota ya umeme inasukuma, wewe unachekelea tu. Ukija kushtuka, koili imeungua! Subiri hapo, nina watu wa maana."

Wateja wakacheka. Binti hakusubiri. Alivuka barabara.

"Karibu mpwa wangu," mjomba akasema. "Huku hatutukani mtu."

Kweli, hakutukanwa. Alipewa koili, ile inayoipa plagi umeme wa kuwasha injini, akapewa na plagi zenyewe, boksi zinang'aa kama meno ya tangazo. Zikafungwa hapo hapo. Binti akaondoka anaimba.

Tatizo la haibridi ni kwamba injini yake inazimika na kuwaka kutwa nzima. Foleni, inazimika. Ukikanyaga, inawaka. Koili ya kubahatisha haiwezi shuruba hiyo. Gari lilikuja kukwama katikati ya mzunguko wa barabara, lori linapiga honi nyuma, abiria, mzee wa watu, anavutwa mkono ashuke.

Lilivutwa kwa kamba mpaka kwa Shubiri. Akafungua boneti. Akatoa plagi. Ya orijino ina ncha nyembamba kama sindano. Hii ilikuwa nene kama kucha ya kidole gumba. Akasugua maandishi ya koili. Yakatoka, yakabaki kidoleni.

Hakutukana. Hapo ndipo binti alipoogopa.

Shubiri alichukua ile koili, akaitundika kwenye waya. Akaandika kwenye kadibodi: KWA BINTI YANGU. Kisha akalisukuma gari mpaka nje ya geti.

Binti ameniambia hivi: "Wanangu walisoma. Majirani walisoma. Mjomba aliona dukani kwake, akacheka. Nikaapa, kwa mama sirudi."

Hakurudi. Lakini gari lilitakiwa litembee, watoto wapate kula. Akaanza kutafuta spea mwenyewe, mbali na mtaa ule, mbali na wote wawili. Na kichwani nani anaongea? Mama. Matusi ya miaka yote. Mjinga ananunua boksi, mwenye akili ananunua namba! Basi akaenda na namba ya chasisi, muuzaji akatafuta koili ya gari lile, siyo inayofanana nayo. Muuzaji anayekataa kurudishiwa, mkimbie! Akawakimbia wengi. Ukibadili plagi moja ukaacha tatu, utavaa na kiatu kimoja kipya? Akabadili zote.

Muda ukapita. Shubiri akaugua. Jirani wa duka la kufulia akampigia binti: "Mama yako hawezi kutembea, na hataki kubebwa na mtu."

Binti akaenda na teksi. Mama akamtazama.

"Umekuja kuniona, au kunizika?"

"Nimekuja kukupeleka hospitali. Ingia."

Akaingia, akakaa mbele. Kwenye taa, injini ikazimika. Shubiri akaweka kiganja juu ya dashibodi. Taa ikaruhusu, injini ikawaka. Kimya. Hakuna mtetemo. Taa ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo.

"Nani kachagua spea hizi?"

"Mimi."

Shubiri akatazama mbele.

"Endesha basi. Unaniangalia nini?"

Wasikilizaji wapendwa, hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yao ya mwisho. Shubiri hakutoka hospitali.

Binti anasema: "Watu wanataka niseme tulipatana. Hatukupatana. Tulipanda gari moja."

Msibani mjomba alisimama aongee. Binti akamwambia, mbele za watu, "Mjomba, kaa." Akakaa. Nilimuuliza binti kama ugomvi huu hautazikwa. Akanijibu pale gerejini kwa mama yake, anafuta mikono ya grisi: "Mjomba akiacha kuuza takataka, chai ipo. Asipoacha, ajue dada yake kaacha mtu."

Basi, pole binti. Poleni wajukuu. Wifi, pole. Na wewe mjomba ambaye najua redio ya dukani umeiwasha: pole, tena pole ya dhati. Umefiwa na dada, umefiwa na adui, na wote walikuwa mtu mmoja.

Na ninyi mlio majumbani na mlio njiani, fikirini jambo hili usiku wa leo. Kama kuna mtu anakugombeza kwa sababu hataki ukwame barabarani, usingoje ashindwe kutembea ndipo umpitie. Mpitie kesho. Atakutukana. Kaa hapo hapo, usikilize mpaka mwisho.