Mama Pua na Mgongo wa Kaka Yake

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, aliyetutoka wiki hii kwa maradhi ya moyo. Hospitalini walimwita Mama Pua, na jina hilo alilipenda. Kisa? Alitoa uvimbe ulio chini ya ubongo kwa kupitia puani. Narudia: puani.

Zamani alipasua kila kitu, vichwa na migongo. Kisha akachagua kazi moja, akaishikilia. Wenzake wakamtania, "Umesoma miaka yote hiyo uishie puani?" Naye akajibu akicheka, "Huko puani kwenyewe sijamaliza kujifunza!"

Sasa sikilizeni. Kaka yake mkubwa, fundi seremala, akaanza kufa ganzi miguu. Uvimbe ulikuwa umebana uti wa mgongo. Bila upasuaji, asingetembea tena. Ukoo mzima ukasema, si dada yupo! Dada akakataa. Akampa kazi daktari kijana aliyemfundisha mwenyewe, ambaye siku zote hushughulika na migongo tu.

Loh! Nyumba iliwaka moto. Mama yao akamjia juu: "Ndugu yako wa tumbo moja, unamkabidhi kwa mtu baki?"

"Mama, mgongo nimeuacha miaka mingi. Mimi nitampasua kwa mapenzi. Yule atampasua kwa mazoea."

Kijana, kwa heshima, akamwomba aingie angalau asimame pembeni. "Thubutu," akasema. "Nikiingia utaniangalia mimi, uusahau mgongo." Akaketi kwenye korido na mama yake, mkoba mapajani, roho mkononi, kama ndugu yeyote wa mgonjwa. Aliogopa, wapendwa. Aliogopa sana, lakini hakubadili uamuzi.

Kaka anasimulia: "Nilipoamka nikamwambia, dada, ulinitupa. Akasema, chezesha vidole vya miguu kwanza, ndipo unigombeze. Vikacheza! Tukalia wote, na mama naye."

Kwa mama mzazi, kwa kaka, kwa wanafunzi wake wote, poleni sana. Nasi tujiulize: ni kazi gani tunaing'ang'ania kwa sababu ya mapenzi, ilhali yupo anayeiweza zaidi?

Jana, kwenye mazishi, vijana walimsihi kaka aketi, wabebe wao. Mzee akawasukuma, akashika jeneza kwa mbele.

"Miguu hii kanipa yeye," alisema. "Acheni impeleke."