Risasi Zilizopimwa Kwenye Theluji

Zima hiyo televisheni, Orrin, na ufunge mlango wa jikoni. Nesi kaenda zake, na pumzi niliyobakiwa nayo sitaki kugawana na mtangazaji wa bei za ng'ombe. Sogeeni. Marlys, keti hapo miguuni. Tate, wewe njoo huku kichwani niuone uso wako, maana mengi ya haya ni yako, na uvue hiyo kofia, hapa si baa.

Nisikilizeni basi. Mimi Verna, mjane wa Halvor Tollefson, mama yenu nyinyi wawili na bibi yake huyu, nasema haya akili zangu zikiwa zote, na mwenye kubisha abishe leo, kwa sababu baadaye sitakuwa na namna ya kumjibu. Nyumba hii na malisho ya juu ni ya Marlys, kwa kuwa ndiye aliyerudi kukaa nami, akanifulia mashuka bila kuninunia. Shamba la majani kando ya mto, na ng'ombe wote wenye chapa yetu, ni mali ya Orrin. Mtaro wa maji ni wenu wote wawili, na mkitaka kugombana, maana mtagombana, nawajua nilivyowazaa, gombaneni wakati wa baridi maji yakiwa barafu. Ama Pruitt, jirani yetu aliyesogeza uzio Halvor akiwa kalazwa hospitali, sijamsamehe, na asije mmoja wenu akasimama kanisani siku ya mazishi kusema nilimsamehe kitandani. Lakini ng'ombe wake akizama kwenye barafu, mvuteni. Ng'ombe hajasogeza uzio wa mtu.

Hayo yamekwisha. Sasa nitasema lililonifanya nimkatalie nesi sindano yake ya mchana, ile inayonilaza.

Leo asubuhi Tate aliniwekea maganda ya risasi hapo dirishani, yale aliyoyafyatua jana alasiri kule bondeni, akaniambia, "Tazama, Bibi, hii ndiyo itakayowafunga midomo Jumamosi mashindanoni." Akaondoka anapiga mluzi. Nilidhani ataniletea maua, kama wajukuu wa watu. Nikachukua miwani na kile kioo changu cha kukuzia, nikayatazama moja moja, na tangu hapo moyo haujatulia, nao ulikuwa mbovu tayari.

Katika nyumba hii hatukuzoea kununua risasi za dukani. Tunaokota ganda tupu, tunalitia kitakoni fataki mpya, kile kikofia cha kuwashia, tunapima baruti, tunashindilia kichwa cha risasi juu yake. Halvor alinifundisha mwaka ule ule alionioa, na nikawa na subira kumshinda, kwa sababu yeye alipenda kelele na mimi nilipenda kupima. Kwa hiyo msiniambie kwamba mwanamke mgonjwa kaona mauzauza kwenye shaba.

Tate, fataki ikiwa salama, hata baada ya kupigwa, ukingo wake hubaki umeviringa kidogo, kama maandazi yalivyoinuka. Zako zimelala bapa, zimejaza matundu yake hadi pembeni kama unga uliokandamizwa kwenye sufuria. Nilijua utasema, na ukasema kweli nilipokuita saa ya chakula: "Fataki za kampuni hii ni laini, Bibi, huwa zinalala tu." Sawa. Fataki peke yake inaweza kukudanganya, sikatai. Lakini pale pini ilipogonga pameota ukuta mdogo kuzunguka shimo, hebu pitisha ukucha uone unavyokwaruza. Na kitakoni mwa ganda kuna alama inayong'aa, kiduara kidogo, palipobanwa kwenye tundu la kile kipini cha kurushia ganda nje, maana shaba ilisukumwa hadi ikaanza kutiririka kama siagi. Nikakuuliza komeo la bunduki lilifunguka vipi. Ukasema, "Lilikuwa gumu kidogo, nikaligonga kwa kiganja. Vumbi tu hilo." Vumbi! Bunduki ya babu yako unaisugua kuliko unavyopiga mswaki. Nikakwambia ujaribu kutia fataki mpya kwenye ganda moja, nawe ukaisukuma kwa kidole gumba ikaingia kama mguu kwenye ndara. Ganda lile ni jipya, limefyatuliwa mara moja. Kitako chake kimetanuka, mwanangu. Dalili moja naweza kubishana nayo. Hizi zimekuja pamoja zinabisha hodi.

Usinikatize, Orrin. Najua umeshawaambia watu wote wa mnada kwamba mwanao atashinda.

Ukanijibu kwamba kitabu cha vipimo vya baruti kinaruhusu, uko chini ya kiwango chao. Hao waliotunga kitabu walipima kwa mtutu wao na maganda yao, hawajawahi kuiona bunduki ya babu yako wala kunywa kahawa yangu. Maganda yako ni ya kiwanda kingine, ukuta wake mnene, nafasi ndani ni ndogo. Halafu ukajisifu kwamba kile chombo chako cha kupimia kasi kinasoma juu kuliko kitabu. Kasi haitoki hewani. Ukiona risasi inakimbia kuliko inavyostahili, kuna kitu nyuma kinaisukuma kuliko kinavyostahili, na kitu hicho kiko vidole vichache tu mbele ya jicho lako.

Unataka kujua ulipokosea? Hukukosea kwa uvivu. Uliongeza baruti nusu punje kwa nusu punje kwenye mizani, ukatazama kila ganda, kila moja likatoka safi. Lakini ulifanya hivyo Februari. Ndivyo tunavyofanya sote huku Musselshell, kwa sababu Februari ng'ombe hawajaanza kuzaa na mtu ana nafasi ya kukaa bandani kando ya jiko, akitoka nje kufyatua huku ndevu zimeganda. Baruti nayo inahisi baridi. Ile yako hasa, ikiwa baridi inawaka kwa uvivu, ikipata joto inakuja juu kama mlevi. Kipimo kilichogusa mstari wa mwisho kwenye theluji, Agosti kimeshauvuka. Jana joto lilikuwa la kawaida. Jumamosi mtalala juani juu ya kile kilima kisicho na mti, boksi la risasi limeachwa mbele ya pikapu kwenye kioo, na mtutu umeshachemka kwa kufyatua.

Lars, mdogo wake Halvor, hamkumjua akiwa na macho mawili. Naye alipima wakati wa baridi. Siku ya maonyesho ya ng'ombe, mbele ya watu wote, komeo likawa gumu, akacheka, akaligonga kwa kipande cha mti, akatia nyingine. Bunduki haikupasuka, wala msimsingizie fundi. Fataki ilitoboka tu, moshi wa moto ukarudi nyuma kupitia kwenye komeo ukamwingia usoni. Mimi ndiye niliyemshika kichwa kwenye gari hadi mjini. Kitu alichoniuliza njiani ni kama ameipata shabaha. Alikuwa ameipata. Wakamletea kikombe chake cha ushindi hospitali, naye akakitafuta kwa kupapasa, macho yote yamefungwa bendeji.

Na Jumamosi, Tate, atakayelala ubavuni mwako na darubini, akikusomea upepo, ni huyu shangazi yako.

Kwa hiyo meza ya baruti, na mizani, na mashine ya kushindilia, na bunduki ya Halvor, ni za Marlys. Acheni kutazamana. Mlitegemea iende kwa anayelenga vizuri, na Tate analenga kuwashinda nyote, hata mimi nilipokuwa na mikono. Lakini kuna mwaka Marlys aliongoza mashindano hadi raundi ya mwisho, komeo likamkaza kidogo, akafunga begi akarudi nyumbani. Orrin ukamwita mwoga mbele ya mkate wangu. Yeye akaketi akazifungua risasi zake zote. Meza ni ya mtu wa namna hiyo. Marlys, huyu Tate mruhusu akae mezani kwako, mfundishe, ila ufunguo wa kabati ubaki shingoni mwako mpaka utakaposikia mwenyewe anasema, bila kuulizwa, "Hii imekaza, naacha."

Unasema nini? Sema kwa sauti, masikio yangu yananitangulia kaburini.

"Nitapunguza baada ya Jumamosi, Bibi."

Baada ya Jumamosi! Dalili inapoonekana umeshapita mpaka, kijana, huko mbele hakuna onyo jingine. Orrin, nenda kwenye gari lake ulete boksi. Ndiyo, sasa hivi. Marlys, leta ile nyundo ya kung'olea vichwa, ile inayobana risasi ndani yake. Tate, piga magoti hapo sakafuni, gonga juu ya lile gogo la kuni. Vichwa weka kwenye kikombe. Baruti usiirudishe kwenye kopo, kaimwage kwenye maua ya Marlys. Ukishinda siku nyingine, ukiwa na macho ya kusoma jina lako kwenye kikombe cha ushindi, nitafurahi huko nitakakokuwa.

Gonga. Hivyo. Tena, haijatoka.

Nipe mto, Marlys. Kuna baridi, au ni mimi.

Mnizike kwa gauni la kijivu. Mchungaji asiongee sana. Wapeni watu viazi vya kutosha na nyama isikauke. Mungu awalinde macho yenu, awalinde mikono, awape hasira fupi na... na kiburi kidogo, kinachotosha kusimamisha uzio. Orrin, mwombe dada yako radhi. Si sasa. Ukiweza.

Mbona umeacha, Tate? Nasikia pumzi yako, sisikii nyundo. Lia huku unagonga, kwani mikono inalia?

Hiyo. Nyingine.

Usinitazame mimi. Nikikaa kimya usiinuke... usije hapa kunishika mkono. Boksi lote. Hadi ya mwisho.

Gonga, mwanangu.