Bahasha Katika Koti la Mvua

Jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwetu lilikuwa bahasha. Jumatano moja ya Novemba nilikuwa natoka kwenda kununua mkate. Mke wangu Lorna alikuwa amekaa kwenye ngazi akivaa buti, akanipa bahasha ya kwenda halmashauri. Ndani mlikuwa na hati ya chuo kikuu iliyothibitisha kwamba yeye, mwenye miaka hamsini na minane, alikuwa mwanafunzi wa jiolojia. "Usisahau kuiposti, Alec," alisema. Niliitia katika mfuko wa ndani wa koti la mvua. Niliporudi alikuwa bado kwenye ngazi, buti moja limefungwa, moyo umesimama.

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate, mkabala na kituo cha basi, katika mji mmoja wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ambao viwanda vyake vya sufu viligeuzwa fleti zamani. Tunakaa watatu, kila mtu na kahawa yake. Bomba alikuwa fundi wa mabomba. Mheshimiwa aliwahi kugombea udiwani, akapata kura kumi na tisa, na jina likamganda. Mimi wananiita Mizani, kwa sababu nilifundisha kemia na sipendi makadirio. Alhamisi moja ya Machi niliwapelekea barua ya halmashauri.

Kodi ambayo halmashauri hutoza kila nyumba kwetu huangalia idadi ya watu wazima. Wakiwa wawili, hulipwa kamili. Akiwa mmoja, huondolewa robo. Mwanafunzi hahesabiwi. Halmashauri iliandika kwamba hati ya Lorna haikufika, kwa hiyo tangu Novemba imetuhesabu watu wazima wawili. Kama sivyo, nijibu kabla ya Ijumaa kwisha. Ijumaa ilikuwa kesho yake.

– Yaani hukuwaambia? aliuliza Bomba.

– Sikuwaambia. Msajili wa vifo aliniuliza kama apeleke taarifa kwenye ofisi zote za serikali kwa niaba yangu. Nikasema nitafanya mwenyewe.

– Na umekuwa ukilipa kamili.

– Ndiyo.

Bomba alikunywa kahawa bila kunitazama. Kisha, kama kawaida yake anapoona mtu anaumia, akaanza kusema ovyo. Alisema yeye alipokuwa mwanagenzi hakuhesabiwa popote isipokuwa kwenye makofi ya bosi wake. Mheshimiwa akamweleza kwamba katika orodha ya wasiohesabiwa, wanafunzi na wanagenzi wamo pamoja na wafungwa na watawa.

– Unaona? alisema Bomba. Hao wote ni watu waliofungiwa mahali wakingoja kutoka. Basi mtaa mzima tujiandikishe. Mimi nitakuwa mwanagenzi wa kuoka mikate.

– Kwa mikono hiyo? Utaziba tanuri kwa mpira.

– Wewe nyamaza, mzee wa kura kumi na tisa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndiyo maana mwanafunzi halipi. Hajafika siku ya tatu.

Mheshimiwa alisema methali hiyo haihusiani kabisa. Yake, alisema, ndiyo iliyoko kwenye sheria yenyewe: asiyekuwepo na lake halipo.

 Mara akatambua alichosema, akanishika goti.

– Samahani, ndugu yangu. Sikuwa na maana hiyo.

– Najua.

Akajaribu kurekebisha, na akaharibu zaidi. Alisema elimu haina mwisho, kwa hiyo Lorna ni mwanafunzi mpaka leo, na halmashauri haina mamlaka ya kumfukuza chuo. Bomba akaongeza kwamba huko aliko, chini ya mawe yote hayo, anasoma jiolojia kwa vitendo. Nilicheka. Lorna angecheka pia, na kumsahihisha: pale ni udongo wa mfinyanzi.

Basi ndipo nikawaambia jambo ambalo sikulipanga. Miaka miwili alipokuwa hai, nyumba yetu ilikuwa na mtu mmoja kwa hesabu yao. Sasa amekufa, ina wawili. Ile barua ndiyo karatasi pekee iliyobaki inayosema kwamba anaishi kwangu.

Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha magurudumu alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi akingoja basi. Hatukuwa tumewahi kumwona. Alinigeukia kwa adabu.

– Samahani, mzee wangu. Nimesikia nusunusu tu. Kwani nyumbani mnaishi wangapi?

Bomba alitazama kikombe chake.  Nami nilitafuta lile neno moja, dogo, nisilipate. Basi lake lilikuja, akapanda, akatupungia mkono.

Asubuhi iliyofuata nilijaza fomu kwenye meza ya jikoni. Niliandika kwamba Lorna alikuwa mwanafunzi hadi tarehe kumi na tatu ya Novemba, na kwamba tangu siku hiyo mtu mzima ni mmoja. Kisha nikatoa bahasha yake katika koti la mvua. Ilikuwa imejikunja pembe, na stempu aliyoibandika ilikuwa bado imeshika. Sikuifungua. Nilikwenda mpaka kwenye sanduku la posta na bahasha mbili, nikatumbukiza yake kwanza.